Mlezi Aliyeandikwa kwenye Rejista

Ijumaa ya kufunga shule, mwezi wa sita mwaka 1976, Gaspari, tarishi wa shule ya msingi ya Unyasumbi, alipanga fomu za maendeleo ya wanafunzi ndani ya kisanduku cha mbao, akakifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, akabonyeza matairi kwa kidole gumba, kisha akaondoka kwenda Mpembu kuwagawia wazazi. Mpembu ilikuwa kilomita kumi na mbili kutoka shuleni, na hapakuwa na mtu aliye hai tangu mwaka 1974.

Wakazi wake wote walihamishwa wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini. Malori yaliwabeba wao, magunia yao ya uwele na milango yao, yakawashusha Unyasumbi, ambako walijenga nyumba kwa mistari iliyonyooka na kila nyumba ikapewa namba. Jambo hilo lilijulikana kwa kila mtu, Mwalimu Mkuu Nathanaeli akiwamo, maana na yeye alishushwa na lori hilohilo.

Lakini kulikuwa na tatizo la fomu. Zamani watoto walipewa wenyewe wazipeleke nyumbani. Mtoto aliyepata kumi na tatu alifika kwao ikiwa imeshakuwa sabini na tatu. Fomu nyingine ziliharibiwa na mvua katika miezi ambayo Singida nzima haikuona hata wingu. Mwaka 1975 mbuzi walikula fomu ishirini na sita, zote za watoto walioshika mkia. Zilizorudi shuleni zikiwa na saini ya mzazi hazikufika nusu, na mkaguzi akaliandika jambo hilo kwa wino mwekundu. Mwalimu Mkuu akaamua kwamba kuanzia sasa tarishi atampa mzazi fomu mkononi, mahali anapoishi kwa mujibu wa rejista ya uandikishaji.

Rejista ilikuwa ya mwaka 1970, na ilisema karibu watoto wote wanatoka Mpembu. Kwenye ukurasa wa kwanza iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba maandishi ya kitabu hicho hayafutwi wala hayakwanguliwi. Mwalimu Mkuu Nathanaeli alikuwa mtu wa kufuata ukurasa wa kwanza. Rejista mpya alikwisha kuiomba kwa barua nne.

Jumatatu Gaspari alirudi na kisanduku. Fomu zote zilikuwa na saini. Tatu zilikuwa na alama ya dole gumba. Zilizobaki zilikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wa darasa la kwanza. Mwalimu Mkuu alizihesabu mara mbili, akafungua taarifa yake ya muhula na kuandika: wazazi waliojulishwa maendeleo ya watoto wao, asilimia mia.

Theodora wa nyumba namba themanini na nne hakuwa amejulishwa kitu. Mume wake, Paskali, alikuwa kibarua wa reli huko Itigi na alirudi nyumbani mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mambo yote ya nyumba yalikuwa mikononi mwa Theodora, na hakulalamika, kwa sababu yalikuwa yanakwenda vizuri zaidi hivyo. Alikuwa amesoma darasa la watu wazima mpaka akaweza kusoma gazeti lililofungiwa chumvi. Binti yake, Dorika, alikuwa darasa la saba, na tangu darasa la tano alikuwa wa kwanza katika kila jaribio. Shule ilikuwa inapata nafasi mbili za kidato cha kwanza kila mwaka, moja ya mvulana na moja ya msichana. Theodora hakuwa mtu wa kuota ndoto. Alikuwa ameangalia wasichana waliopo, akaangalia nafasi iliyopo, akaona hesabu inakubali.

Alimkuta Gaspari kwenye bomba la kijiji anaosha baiskeli.

"Gaspari, fomu ya mtoto wangu iko wapi?"

"Nimempa mlezi, akatia saini, nimeirudisha ofisini. Nakala amebaki nayo."

"Mlezi yupi? Mimi nipo pale themanini na nne, mlango wazi kutwa nzima, hata kuku wa jirani wanajua."

"Mlezi aliyeandikwa. Mama mkwe wako."

Theodora akatua ndoo. "Mama alifariki mwaka sabini na tatu."

"Ndiyo. Nimemkuta nyumbani." Gaspari alisugua spoku moja, akahamia nyingine. "Nikwambie ukweli, mama Dorika, kazi yangu imekuwa nyepesi. Nyie watu ukiwafuata asubuhi mko shambani, mchana mko huku bombani mnagombania foleni, jioni mko mkutanoni. Wale wapo. Unabisha hodi mara moja tu."

"Amesemaje?"

"Ameuliza kwa nini mtoto amepewa kumi na moja."

Theodora alijaza ndoo, akaipeleka nyumbani, akampikia Dorika na mdogo wake. Jumapili, baada ya misa, alifunga ugoro kidogo kwenye pindo la khanga, akaenda Mpembu.

Njia haikumchosha, ila kulikuwa na salamu nyingi. Watu wa operesheni waliezua mapaa ya tembe zote ili watu wasirudi, na kuta zilizobaki zilikuwa za kimo cha kiuno. Ndani ya kila ukuta alikuwa amekaa mtu, na wengi wao walikuwa wakubwa kwa Theodora. Huwezi kupita bila kusalimu. Shikamoo peke yake ilimchukua karibu saa nzima, na marehemu mzee Mughwai alimzuia zaidi kwa kutaka kujua bei ya ng'ombe mnadani Shelui.

Mama mkwe wake, marehemu Magdalena, alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba yake isiyo na paa. Alikuwa amejifunga ileile shuka nyeupe waliyomzikia. Pembeni yake kulikuwa na daftari, kalamu ya risasi na fomu iliyokunjwa mara moja tu, kama karatasi inayoheshimiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mke wa Paskali. Kumbe njia unaijua."

"Ni kazi tu, mama. Kule kijijini kila siku kuna mkutano."

"Nasikia. Hata hili pindo la shuka yangu nadhani ulilishona ukiwa mkutanoni, maana limekwenda upande."

Theodora aliliangalia pindo. Kweli lilikuwa limekwenda upande. Alilishona usiku wa msiba, kwa haraka, na hakuwa na nia ya kuomba radhi miaka mitatu baadaye. Alifungua khanga, akatoa ugoro. Magdalena aliupokea kwa mikono miwili, akanusa, akapiga chafya, akalainika kidogo.

Magdalena ndiye aliyempeleka Dorika kuandikishwa darasa la kwanza, kwa sababu siku hiyo Theodora alikuwa hospitali ya misheni anajifungua mtoto wa pili. Mwalimu aliyekuwa mezani aliuliza nani analeta mtoto huyu, Magdalena akasema mimi, na ndivyo ilivyoandikwa. Wakati huo hakujua kusoma. Darasa la watu wazima alilikataa katakata, akisema herufi zinamwangalia vibaya. Lakini malori yalipoondoka yaliacha ubao, chaki na vitabu vya kujifunzia, na Mpembu kulikuwa na nafasi ya kutosha. Marehemu Fabiano, aliyekuwa katekista, alifungua darasa. Hakuna aliyekosa kipindi. Kwa miaka miwili walikuwa wameshamaliza vitabu vyote na kuvirudia, na kilichowasumbua sasa ni kwamba hakuna mtu aliyekuja kuwapima.

"Haya, soma," Magdalena alisema, akampa fomu.

Fomu ilikuwa ya aina mpya. Upande wa kushoto yaliandikwa masomo, alama hamsini. Upande wa kulia iliandikwa kazi na mwenendo, alama hamsini nyingine, zinazojazwa na kamati ya shule, kwa sababu wakubwa waliona haifai kumpima mtoto kwa kalamu tu bila kumpima kwa jembe. Theodora hakuwa na ugomvi na wazo hilo. Dorika alikuwa na mkono mzuri wa jembe. Kwenye masomo alikuwa amepata arobaini na sita. Kwenye kazi na mwenendo, kumi na moja. Sababu iliandikwa chini: *Mtoro wa kazi za shamba la shule, siku thelathini na moja.*

"Thelathini na moja?" Theodora alisema. "Huyu mtoto amekuwa akirudi nyumbani na malengelenge viganjani. Ananiambia wametoka kulima."

"Wametoka kulima, ndiyo. Geuka."

Theodora akageuka. Nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na mazizi ya Mpembu nzima, ardhi iliyoshiba samadi ya miaka sitini, kulikuwa na shamba kubwa la alizeti. Lilikuwa limeshavunwa, mashina yamebaki. Mipaka yake ilikuwa imenyooka na upande mmoja ulifika hatua tatu kutoka kwenye kaburi la Magdalena.

"Shamba la nani?"

"La Alute."

Alute alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha Unyasumbi, na mwenyekiti wa kamati ya shule pia.

"Wanaletwa wanane," Magdalena alisema. "Daima haohao wanane, ambao baba zao hawamo kwenye kamati yoyote. Mwalimu wa zamu anawaambia ni shamba darasa. Wanalima, wanapalilia, wanaondoka. Kule shamba la shule wanaitwa majina, hawapo. Nimehesabu siku. Thelathini na moja ni kweli, hapo hawakudanganya."

"Na binti yake, Anastazia, si yuko darasa moja nao?"

"Huyo sijawahi kumwona na jembe. Ila gambuti zake nzuri, siku moja alikuja kumletea baba yake chai."

Chini ya fomu kulikuwa na mistari mitatu ya maoni ya mzazi au mlezi. Magdalena alikuwa ameijaza yote, kwa herufi za kusimama wima:

*Mjukuu wangu hakutoroka kazi. Siku hizo 31 alikuwa hapa analima alizeti ya Alute. Nilikuwepo, na sijawahi kuondoka. Magdalena, mlezi.*

Theodora alisoma mara mbili. Alipokuwa mwali katika nyumba hii, mwanamke huyu alimfundisha kupepeta uwele kwa kumnyang'anya ungo. Sasa aliona kwamba hata yeye mwenyewe asingeandika vizuri zaidi.

"Umeandika vizuri, mama."

"Najua," Magdalena alisema.

Jumatatu asubuhi Theodora alikuwa wa kwanza kwenye ofisi ya Mwalimu Mkuu. Nathanaeli alimpa kiti. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likakatika kwenye kola, na alipenda kuzungumza na wazazi maadamu hawakuwa na hoja.

"Maoni ya mlezi tumeyapata," alisema. "Ni maoni mazuri. Nimewasomea walimu kama mfano."

"Sasa mtarekebisha alama?"

"Maoni yanaambatanishwa. Alama ni mali ya kamati. Kamati inakaa mwezi wa tisa, kwenye mkutano wa wazazi, inathibitisha, kisha fomu zinakwenda wilayani."

"Mwalimu, unakubali kwamba watoto wanalima shamba la Ndugu Mwenyekiti?"

"Nakubali kwamba mlezi ameandika hivyo."

"Basi andika na mimi nimelalamika. Mama mzazi."

Nathanaeli alifungua rejista, akashusha kidole mpaka kwenye mstari wa Dorika, akamgeuzia kitabu aone mwenyewe. "Wewe kitabuni humo, mama. Nikiandika malalamiko ya mtu asiyekuwamo, kesho atakuja mwingine wa Shelui atake kulalamika."

"Huyu aliyeandikwa amekufa, mwalimu."

"Ndiyo," Nathanaeli alisema, "na anatia saini kwa wakati. Natamani wote wangekuwa hivyo."

Kubadilisha mlezi hakukuwa kazi ngumu, alieleza. Ilihitajika barua ya mlezi wa zamani kwamba ameridhia, na muhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Theodora alimwangalia kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anatafuta kalamu amwandikie kwenye kipande cha karatasi asije akasahau.

Theodora alirudi Mpembu Jumapili iliyofuata, akasalimu kuta zote upya, akamweleza Magdalena habari ya barua. Hakuzungusha maneno. Alisema: niachie mtoto kwenye kitabu, mimi nipo pale, nitawasumbua kila siku mpaka wachoke.

Magdalena alichukua fomu ya Dorika, akaifuta vumbi lisilokuwepo.

"Hapana," alisema.

"Mama, ni kwa ajili ya mtoto."

"Nimesikia. Ukinitoa kwenye kitabu, Gaspari hatapita tena hapa. Nyie mliondoka na milango. Mlichukua hata jiwe langu la kusagia. Sikusema kitu, jiwe ni la kazi. Kilichobaki kwangu ni hiki kikaratasi, kwamba mara mbili kwa mwaka mtu atakuja kuniambia mtoto wangu anaendeleaje. Ananiita mama mlezi. Wewe uliwahi kuja kuniambia?"

Theodora alifikiri kuhusu mikutano, foleni ya bomba na mtoto wa pili aliyeugua surua. Vyote vilikuwa kweli. "Sikuja," alisema.

"Basi."

Walikaa. Marehemu Mughwai, ukuta wa pili, alikohoa kuwakumbusha kwamba anasikia.

"Huo mkutano wa mwezi wa tisa," Magdalena alisema baadaye, "ni wa wazazi walioandikwa?"

"Ndiyo."

"Nitakuja mwenyewe."

"Kilomita kumi na mbili, mama."

"Nitachoka nini?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siku ya mkutano wa wazazi, Jumamosi saa tatu asubuhi, marehemu wa Mpembu waliingia Unyasumbi kwa miguu, sitini na mmoja, wamevaa shuka zao, safi, bila haraka. Mbwa hawakubweka. Gaspari aliwapokea mlangoni akiwa na karatasi ya mahudhurio, kila mmoja akatia saini mbele ya jina lake. Madawati yalijaa. Wazazi walio hai, kwa kuwa mwaka 1970 waliandikwa wazee wa kila nyumba na si wao, waliombwa wasikilize kutoka madirishani, na wengine walikasirika kidogo, ila waliona ni baba na mama zao waliokaa, wakaona aibu kuwanyanyua. Alute mwenyewe alifika na mhudumu aliyebeba kiti chake chenye mgongo. Nyumba yake ilikuwa Unyasumbi tangu zamani. Kijiji kilipotafutiwa mahali, mahali palipoonekana panafaa ni pale alipokuwa yeye.

Ajenda ya kwanza ilikuwa kufungua mkutano. Ya pili, kuthibitisha alama za kazi na mwenendo. Mwalimu Mkuu Nathanaeli, katibu, alisoma majina. Alipofika kwa Dorika, Magdalena alisimama.

Alisema aliyoyaandika, kwa urefu kidogo. Alitaja tarehe. Alitaja watoto wanane kwa majina na magunia kwa idadi. Alisema mwezi wa tatu mtoto wa Gabrieli alijikata jembe mguuni, wakamfunga kwa jani, wakamwambia amalizie mstari. Sauti yake haikupanda. Alipomaliza, marehemu Fabiano alisema ni kweli, Mughwai akasema ni kweli, madawati yote yakasema ni kweli, na madirishani pia.

Alute alisimama na kuvua kofia. Hakukana.

"Bibi, ahsante sana," alisema. "Hayo ni maendeleo, wazee wetu kushiriki. Alizeti ilitoka vizuri, siwezi kuficha. Ila naomba niseme, nilipolima pale sikujua kama kuna mtu."

"Hukujua? Ulinizika wewe. Ulibeba jeneza, mguu wa kushoto, ukalalamika njia nzima kwamba nina uzito."

Watu walicheka, hai na wafu. Alute naye alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Akapendekezwa mtu wa kutoa hoja. Hoja ikatolewa: Dorika na wenzake saba warudishiwe alama zao, na Anastazia, aliyepewa arobaini na tisa, apewe alichostahili. Anastazia kwenye masomo alikuwa na ishirini na saba. Theodora, nje kwenye dirisha la tatu, alikuwa ameshajumlisha yote hayo kichwani. Kama mambo yangebaki yalivyo, binti yake alikuwa na hamsini na saba na Anastazia sabini na sita. Kama hoja ingepita, hapakuwa na mashindano.

"Tupige kura," Mughwai alisema.

Mwalimu Mkuu aliomba nafasi ya kusoma utaratibu. Alionekana kuwa na huzuni ya kweli. Mwenye kura, alisoma, ni mzazi au mlezi aliyeandikwa kwenye rejista ya shule na anayeishi ndani ya mipaka ya kijiji. Alifunga kitabu kwa kidole ndani.

"Wazee wetu mmeandikwa," alisema, "lakini hamjahamia."

Marehemu Fabiano alinyanyua mkono.

"Tulisikia matangazo," Fabiano alisema. "Hakuna lori lililokuja kwetu."

"Ndiyo, mzee. Lakini mpaka leo mnaishi nje ya kijiji, na kwa kweli ni kosa. Hatutawachukulia hatua. Kura tu ndiyo haitawezekana."

"Basi wapige hao wa madirishani," Magdalena alisema. "Hao walihamia. Niliwaona wakiondoka."

"Hao hawakuandikwa, mama."

Wakahesabiwa wenye sifa zote mbili, walioandikwa na wanaoishi kijijini. Gaspari alipita mistari yote na karatasi yake, akarudi mbele, akasema ni mmoja, Ndugu Mwenyekiti. Alute alisema yeye asingependa kujipendelea, ila utaratibu ni utaratibu, akanyoosha mkono. Kumbukumbu za mkutano zinaonyesha kwamba alama zilithibitishwa kama zilivyo kwa kura moja ya ndiyo, ya hapana hakuna.

Kisha ikaja ajenda ya mengineyo. Ilikubaliwa kwamba mahudhurio yamevunja rekodi, na kwamba kwa kuwa marehemu wameonyesha moyo, madawati mawili ya mbele yatengwe kwa ajili yao katika mikutano yote ijayo. Walipigiwa makofi. Magdalena hakusikiliza. Alikuwa ameshatoka nje kumtafuta mkwe wake.

Theodora alimsindikiza mpaka mwisho wa mistari ya nyumba. Dorika aliwafuata nyuma, amebeba madaftari yake, kwa sababu mtihani wa mwisho ulikuwa bado na alikuwa na tabia ya kusoma akitembea.

"Mtoto," Magdalena alimwambia, "huo mtihani ufanye vizuri vilevile."

"Ndiyo, bibi."

Aliufanya vizuri vilevile. Hakuna shaka juu ya hilo. Alama zilibandikwa ukutani na kila mtu aliziona. Wilayani waliuingiza mtihani upande wa masomo, wakajumlisha pande mbili za fomu, kama walivyotakiwa, na jina la msichana aliyechaguliwa kutoka Unyasumbi likaja mwezi wa kumi na mbili kwenye bahasha ya kahawia. Mwezi wa kwanza Anastazia alipanda lori na sanduku jipya la bati. Alilia sana, maana hakupenda shule, na Theodora, aliyekuwa anapita na kuni, alimsaidia kupandisha sanduku kwa sababu mtoto hakuwa na kosa.

Mkaguzi alimwandikia Mwalimu Mkuu barua ya pongezi kwa jinsi shule yake inavyowajulisha wazazi. Shule mbili za jirani zilituma watu kujifunza. Kwenye fomu mpya za mwaka 1977, chini ya jina la mlezi, paliongezwa nafasi ndogo ya kujaza kama yuko hai au la. Hakukuwa na maelezo ya jibu lipi linafaa.

Cheti cha Dorika cha kumaliza darasa la saba kilipelekwa kwa mlezi. Theodora alikwenda kukichukua katikati ya mwezi wa pili, akiwa na ugoro na uzi na sindano, kwa kuwa alikuwa amechoka kusikia habari za lile pindo. Alisalimu kuta zote. Alimweleza Mughwai bei za Shelui. Alifika kwa Magdalena, akapiga goti, akaanza kulifumua pindo bila kuomba ruhusa.

Magdalena alivaa uso wa kazi, akafungua cheti, akamsomea. Theodora angeweza kusoma mwenyewe, lakini alimwacha. "Hisabati, vizuri sana. Kiswahili, vizuri sana. Siasa, vizuri sana. Kazi, hafifu." Magdalena alisoma neno la mwisho kwa sauti ileile aliyosomea mengine, akakunja cheti mara moja, akakiweka mapajani.

"Na huyu mdogo wake?" aliuliza. "Darasa la kwanza kaandikishwa?"

"Wiki iliyopita."

"Nani aliyempeleka?"

"Mimi mwenyewe. Lakini rejista ni ileile. Mwalimu kasema familia tayari ina mlezi, haiwezi kuwa na wawili."

Magdalena aligeuza uso upande mwingine ili asionekane amefurahi.

Msimu ule shamba la alizeti lilikuwa limeongezwa. Waliomaliza shule walipangiwa huko na ofisi ya kijiji, kazi ya vijana, siku nne kwa wiki, na mahudhurio yao yaliandikwa vizuri kabisa. Mstari mpya wa mashimo ulikuwa umevuka zile hatua tatu na ulipita juu ya kaburi lenyewe. Dorika alikuwa hapo, ameinama, na jembe lake lilikuwa linakwenda kwa mwendo mmoja, wa mtu anayejua kazi.

"Mwambie asogee," Magdalena alisema. "Analima juu ya goti langu."

Theodora alikata uzi kwa meno. "Dorika! Bibi anasema usogee."

"Samahani, bibi," Dorika alisema. Akasogea mstari mmoja, akaendelea kulima.